Mtutu wa Thelathini na Mbili

Nisije nikajipamba, naanza na ukweli wenyewe: siku niliyoaibika kwenye klabu ya shabaha hakuna mtu aliyenionea, nilijiaibisha mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na udhu wangu, mbele ya mke wangu na nusu ya safu ya kwanza ya msikiti wetu. Na sababu ni husuda. Ndiyo, husuda, mimi niliyewasomesha watu darasa zima juu ya husuda Alhamisi mbili kabla, nikawaeleza inavyoingia moyoni bila kubisha hodi, watu wakatikisa vichwa, mmoja akafuta machozi.

Mnajua kwamba napenda kulenga shabaha (na wanaonishangaa huwa nawaambia kwamba huo ni katika michezo iliyosifiwa na dini, tena unamfunza mtu kutulia na kushika pumzi). Nilianza nilipokuwa bado nafanya kazi ghalani kule Downsview, pembeni mwa jiji hili la ughaibuni tunaloishi, maana klabu ilikuwa mtaa wa pili tu, katikati ya maghala, na mwenzangu mmoja wa kazini alinipeleka. Nikasoma, nikapata leseni, nikanunua bastola moja ya kushindania, na kila Jumamosi natoka nyumbani Regent Park na kisanduku changu chenye kufuli, napiga karatasi, narudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alhamdulillah, kwa mkono wa mzee, sikuwa mbaya. Klabu ilikuwa na timu ya watu watatu iliyokwenda kila mwaka kushindana mji wa Hamilton, na nafasi ya tatu ilikuwa yangu kwa miaka mitano. Si nafasi kubwa, lakini ilikuwa yangu.

Kisha akaja Bwana Nizar.

Bwana Nizar ni mzaliwa wa Mwanza, aliuza vitambaa maisha yake yote, sasa amestaafu anakaa na wanawe kitongoji cha Unionville. Mtu mpole, msafi, ana Kiswahili cha zamani kinachonikumbusha wazee wetu, na kila akiniona husema, "Shikamoo Maalim," ingawa tumepishana miaka miwili tu. Hana kosa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu mwenye kosa unaweza kumchukia ukastarehe. Alikuja hajui hata kusimama, mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuweka miguu, na baada ya mwaka mmoja matundu yake kwenye karatasi yalikuwa yameshikana kama watoto wa kuku chini ya mama yao, na yangu yametawanyika kila moja na safari yake.

"Mashine yake nzuri," nikamwambia mke wangu, Bi Rukia.

"Au macho yake," akasema, akiendelea kukunja nguo.

Sikulala vizuri.

Basi Jumamosi moja Bwana Nizar alikwenda kuchukua chai, nami (Mungu anisamehe) nikasogea mezani kwake kama mtu anayetafuta miwani. Nikaona boksi la risasi nzito, nzito kuliko zangu kwa zaidi ya robo, zile zinazosukuma mkono taratibu badala ya kuurusha. Nikaona na karatasi ya mtutu mpya aliofungiwa na fundi, imeandikwa msokoto wake: moja kwa kumi. Mtutu wa bastola una mifereji ndani inayozunguka kama nyuzi za skrubu, ndiyo inayoizungusha risasi ili iende imenyooka, na huo mzunguko ndio tunaouita msokoto. Hilo nililijua. Nilichotakiwa kufanya ni kumsubiri arudi na chai yake nimwulize, "Bwana Nizar, hii kumi maana yake nini?" Angenieleza kwa furaha, angenikatia na kipande cha keki. Lakini niliona mwalimu hawezi kumwuliza mwanafunzi wake. Nikarudi mahali pangu, nikajifanya nasafisha bastola iliyokwisha kusafishwa.

Nyumbani nikafungua orodha ya mitutu kwenye kompyuta. Ya bastola yangu ilikuwapo ya kumi, ya kumi na sita, na mmoja wa thelathini na mbili. Nikajisemea moyoni, kama yeye ana kumi na anapiga vile, mwenye thelathini na mbili atapigaje? Nikaagiza wa thelathini na mbili. Sikuagiza kwa elimu, niliagiza kama mtu anayetaka kanzu ndefu kuliko ya jirani.

Fundi alipouona akaniinulia nyusi. "Huu wanaupenda wanaopiga risasi nyepesi. Wewe utapiga nyepesi?"

"Najua ninachofanya," nikasema, na tasbihi iko mfukoni.

Akaufunga. Nikaujaribu siku ya katikati ya wiki, pasipo watu, kwa risasi zangu za zamani nyepesi, na ukapiga vizuri ajabu! Basi hapo ndipo nilipopotea kabisa, maana nilisema kama nyepesi zinakwenda hivi, nzito zitakwendaje, nikazinunua na kuzificha bila kujaribu hata moja ili Bwana Nizar asije akaziona mapema.

Siku ya kugombea nafasi ya tatu ndiyo klabu ilikuwa na siku ya wageni, na mimi nikaalika watu kama naoza binti. Bi Rukia alikuja na sambusa. Mzee Kombo wa Unguja, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuja na wenzake wanne, wote wamevalishwa vifuniko vya masikio juu ya kofia zao, wamesimama nyuma ya kioo wananipungia. Bwana Nizar alipangiwa njia ya kupigia iliyo jirani na yangu, mkono wa kulia.

"Maalim, Mungu akufanyie wepesi," akaniambia.

"Na wewe pia," nikasema, na ulimi haukuwa na moyo ndani yake.

Risasi kumi kila mmoja, mita ishirini na tano. Nikapiga bismillah, nikashika pumzi, nikapiga. Mkono ulisukumwa taratibu kama nilivyoota. Nikapiga zote kumi na uso wa kuridhika, kisha nikageuka nyuma, nikawainulia wageni wangu kidole gumba. (Kidole hicho ningekikata.)

Bi Doreen, mama wa Kizungu wa rika langu anayesimamia uwanja, akaamuru tuweke silaha chini, akazikagua, akabonyeza swichi, karatasi zikaanza kurudi zikining'inia kwenye waya, polepole, zinavuma kama friji mbovu. Yangu ikafika. Ilikuwa na matundu sita tu, moja juu, moja chini pembeni kabisa, na hayakuwa ya duara, yalikuwa marefu, yamechanika kama kokwa za tende.

Hapo ningenyamaza, aibu ingekuwa ndogo. Lakini husuda ikikaa muda mrefu huwa inangoja zamu yake ya kusema. Nikapaza sauti, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili ili wageni wangu wasikie:

"Haya matundu si yangu! Bwana Nizar amenipigia karatasi yangu aniharibie!"

Bwana Nizar akavua vifuniko vyake vya masikio taratibu. "Mimi, Maalim?"

"Nani mwingine yuko jirani?"

Bi Doreen hakubishana nami. Aliishika karatasi ya Bwana Nizar, akahesabu kwa kidole, kwa sauti. Kumi ya duara, yote yanaenea chini ya kisahani cha kikombe. Halafu akahesabu kumi na moja, na kumi na mbili. Hayo mawili yalikuwa marefu kama kokwa za tende. Yaani ni mimi niliyempigia yeye, na mbili nyingine anajua Mungu zilikokwenda.

Akachukua ufito wa kusafishia, akaufunga kitambaa kikakaza, akauweka alama ya kalamu, akausukuma ndani ya mtutu wa Bwana Nizar. Ile alama ikazunguka nusu duara. Akausukuma ndani ya wangu. Alama ikajitingisha kidogo, ikachoka, ikasimama.

"Kumi maana yake risasi inazunguka mara moja kila inchi kumi," akasema. "Yako mpaka inchi thelathini na mbili. Namba ikikua, mzunguko unapungua. Na risasi nzito ni ndefu, inataka kuzungushwa zaidi, siyo kidogo. Yako inayumba kama pia ya watoto inayotaka kuanguka, inafika imejilaza."

Mzee Kombo, ambaye Kiingereza chake huwa kinakuja pale kisipotakiwa, alikuwa ameelewa kila neno. "Maalim!" akapiga kelele mlangoni. "Kumbe hata risasi zako zina adabu! Zimelala ubavu wa kulia kama ulivyotufundisha!"

Wakacheka mpaka vifuniko vya masikio vikaanguka. Na mimi ningecheka, lakini nilikuwa namtazama Bwana Nizar, na yeye hakucheka. Alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeletewa barua asiyoitarajia.

Bi Rukia akaja hadi kwangu, akaniambia chini kwa chini, "Baba Salma, nenda sasa hivi. Ukifika nyumbani hujaomba radhi, kitanda chako kiko msikitini."

Nikaenda. Nikamwambia kila kitu palepale, mbele ya watu, kwa kuwa tuhuma nilikuwa nimeitoa mbele ya watu: boksi, karatasi niliyoichungulia, fundi niliyemdanganya. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Maalim, ungeniuliza tu," akasema. "Mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Niliona haya kukueleza kwa sababu wewe ni mwalimu wangu."

Nafasi ya tatu ikawa yake. Sikwenda Hamilton. Mtutu niliubadilisha, ila si upesi. Nilipiga nao miezi kadhaa kwa risasi nyepesi, ninyenyekee. Na nimeweka nadhiri ninayoishika mpaka leo: nikiona kitu kizuri kwenye meza ya mtu, simsogelei mwenye meza kwa jicho kabla sijamsogelea kwa salamu na swali.

Bwana Nizar aliporudi kutoka Hamilton na medali ya shaba, alikuja kunionyesha nyumbani. Nikaishika, nikasema mashaallah. Ya kwanza ilitoka mdomoni tu, na nadhani aliisikia hivyo. Nikairudia. Nikairudia tena, medali imekuwa ya moto mkononi mwangu, mpaka nikahisi ile mashaallah imeshuka kifuani, ndipo nikamrudishia medali yake.