Dirisha la Jikoni

Shangazi yangu anafagia ile nyumba kubwa ya kale tangu mimi sijazaliwa, na kabla yake bibi, mama yake, alikuwa mpishi wa hapo hapo. Ukimuuliza kazi inaendeleaje, anakujibu, "Naifanya," kisha anavua viatu na kukanda miguu. Ndiyo hotuba yake yote.

Nyumba ilikuwa karibu kuanguka. Paa lilivuja, bustani ikageuka kichaka. Ndipo wenye nyumba wakaleta wasanii ili kuvuta watazamaji. Mmoja akasimamisha vyuma vilivyopinda katikati ya mawaridi, mwingine akatundika mashuka mekundu juu ya ngazi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, lakini watu walifurika kutazama, na kwa viingilio vyao paa likaezekwa upya na bustani ikapata watunzaji. Basi nikafunga mdomo.

Pakabaki jikoni, chumba cha uani kisicho na dirisha, kuta nyeusi tii kwa masizi. Humo bibi alipikia kuni maisha yake yote. Kila mwaka aliwaomba wenye nyumba wamtobolee dirisha, kila mwaka akaambiwa asubiri. Kifua kilimmaliza angali anasubiri. Shangazi alitaka jambo moja tu kabla ya kustaafu: dirisha hilo liwepo.

Akamwendea msimamizi wa ukarabati.

"Haiwezekani, mama," msimamizi akasema. "Nyumba ya kihistoria tunairudisha ilivyokuwa. Hapo dirisha halikuwepo."

"Ndiyo maana naliomba."

"Hata tofali moja siruhusiwi kutoa."

Alirudi nyumbani hoi. Mimi nilichemka, nikataka kwenda kumpa huyo bwana vidonge vyake.

"Kaa chini," shangazi akasema. "Sina nguvu ya kugombana, wala ya kuja kukuamulia wewe."

Msanii aliyepewa jikoni alikuwa binti mmoja mpole. Alimkuta shangazi ameegemea ufagio, akamuuliza habari za masizi yale. Shangazi alikuwa amechoka hata kuficha, akamweleza yote. Binti akaenda kuomba kibali: kazi yake ya sanaa itakuwa dirisha ukutani, lenye mlango wa mbao, kwenye usawa wa uso wa mpishi. Ombi likapita! Alichonyimwa mpishi, kisha mfagiaji naye, kikaruhusiwa kwa kuitwa sanaa. Siku hiyo nilitukana, na sijutii.

Siku ya ufunguzi wageni walijipanga mbele ya dirisha wakinong'ona. Upepo wa bustani ulikuwa unaingia hadi kwenye kuta nyeusi. Shangazi alisimama pale lilipokuwa jiko la bibi, akavuta pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani.

"Umefurahi, shangazi?" binti akamuuliza.

"Limechelewa, mwanangu." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Jioni nani analifunga?"

"Wewe. Si ndiwe mwenye funguo?"

Shangazi akavuta kigoda, akaketi, akavua viatu.

"Basi halifungwi," akasema.