Beseni la Solfrid

Kila mwaka, jua liliporudi juu ya mlima wa kijiji cha Kjelvær baada ya giza refu la majira ya baridi, Taisto Kemppainen alishuka kutoka meli ya pwani, begi begani. Mzee Edvin, aliyekuwa mlangoni pa banda la chambo tangu ujana wake, alipaza sauti: "Mfini amefika! Ficheni kahawa!"

Taisto alizaliwa katika misitu ya Ufini, na tangu alipotoka kwao alikuwa mtu wa kufuata kazi. Kiangazi alipaka rangi nyumba za watu, vuli alichuna matunda ya porini, na chewa walipoanza kuingia kwa wingi alikuja huku kaskazini mwa Norwei kutia chambo. Hakuwa na ufunguo hata mmoja mfukoni, na jambo hilo alilitaja kama wengine wanavyotaja cheo.

Mkono wake uliaminiwa. Mshipi mrefu wenye mamia ya ndoano hupangwa kwa mizunguko ndani ya beseni, kila ndoano na kipande chake cha kibua. Ukikosea mpangilio, mshipi hutoka baharini umefungamana, na wenzako watakulaani katikati ya upepo. Mishipi ya Taisto haikufungamana.

Solfrid Ingebrektsen alikuwa na mashua ndogo aliyoachiwa na baba yake. Kaka yake, aliyekuwa akivua naye, aliumia mgongo, na mashua ile haikuweza kuvua bila watu wawili. Jumapili Solfrid alimkaribisha Taisto chewa wa kuchemsha pamoja na maini na mayai yake. Walikula bila maneno mengi, na Taisto hakuwa ameonja ukimya kama ule popote alikopita.

Huko Kjelvær mtu haombwi kwa mdomo kuingia katika mashua. Mabeseni ya kazi huletwa kwa mkokoteni, lakini nahodha anayetaka mwenzake hubeba beseni lake mwenyewe na kuliweka miguuni pa mtu huyo. Asiyetaka hulisukuma kwa mguu kwa jirani, na hakuna anayenuna. Atakayelitia chambo amekwisha kukubali.

Aprili, msimu ulipokaribia kwisha, Solfrid aliingia bandani na beseni mikononi. Visu vikasimama. Akaliweka mbele ya Taisto.

"Upepo umegeuka," alisema.

"Umegeuka kweli," Taisto alijibu.

Solfrid akatoka. Edvin akakohoa. "Haya, Mfini. Mguu au mkono?"

"Mashua yenyewe ndogo, Edvin. Nikilala, miguu itabaki gatini."

"Basi lisukume huku, nimwoe mimi."

"Uoe wewe? Hata paka wako alikukimbia!"

Banda zima likacheka. Taisto akanyoosha mguu, kisha akaurudisha. Alifikiria mikono ya mtu mwingine ndani ya beseni lile, akashindwa kuvumilia. Akachukua kisu. Asubuhi nzima alipanga ndoano vizuri kuliko alivyowahi kupanga, na kwa muda wote huo alikuwa na furaha. Hata alijiuliza koti lake lingetundikwa wapi katika nyumba ya Solfrid.

Mchana Solfrid alirudi, akapitisha kidole gumba juu ya safu za ndoano, uso ukamng'aa.

"Kesho saa kumi na moja."

"Alfajiri?"

"Kwani samaki wanaamka mchana?"

Lakini alasiri ile ile meli iendayo kusini ilipiga honi. Begi la Taisto lilikuwa tayari, kama lilivyokuwa tayari siku zote, na miguu ikampeleka gatini kabla hajaamua lolote. Alijiambia kwamba yeye ni mgeni, na desturi za watu hazimfungi mgeni. Alijiambia kwamba beseni lile lilikuwa shukrani tu, na kwamba Solfrid angepata mtu mwingine kesho yake. Hakumuaga.

Mwaka uliofuata alirudi na nyama iliyokaushwa kama zawadi. Mashua ya Solfrid haikuwepo bandarini, na Edvin hakupaza sauti kuhusu kahawa.

"Alikungoja, injini inawaka," mzee alisema. "Wote wakatoka, yeye bado amesimama. Mwishowe akakaa hapo gatini kutoa chambo, ndoano moja moja, akiwarushia ndege."

"Hakupata mwingine?"

"Torleif wa humu bandani alimwomba nafasi wiki ile ile. Akamjibu ina mtu. Mei akasema ina mtu, Juni ina mtu. Ulitia chambo, Mfini! Vuli ikabidi auze mashua."

"Mimi ni mgeni, Edvin. Nilidhani..."

"Mgeni? Miaka yote hii tunakucheka na kukutukana! Mgeni tunamwita bwana."

Taisto alikwenda nyumbani kwa Solfrid. Solfrid alimfungulia, akampa kiti, akamwekea kahawa katika kikombe kizuri chenye kisahani.

"Nimekuja kubaki," Taisto alisema.

"Vyema. Kiwanda cha samaki kinatafuta watu. Na mimi nipo huko siku hizi, nafungasha."

"Solfrid, nilikosea."

"Hukukosea. Sijawahi kuona mshipi uliopangwa vizuri vile."

Afadhali angemrushia kikombe. Taisto akaongea harakaharaka, kwamba wangeweza kutafuta mashua nyingine, kwamba safari hii angekuwa gatini kabla yake.

"Labda ungekuwepo," Solfrid alisema. "Lakini mimi sitaki tena kuwasha injini nikitazama njia."

Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumshukuru kwa nyama.

Kweli Taisto alibaki. Alipanga chumba juu ya duka, na meli ya kusini ilipopiga honi aliisikia akiwa bandani, mikono katika vibua. Mara ya kwanza wenzake walimtazama kama atainuka. Siku hizi hawatazami. Akikutana na Solfrid dukani wanazungumza habari za upepo, naye humjibu kwa upole kama anavyomjibu kila mtu.

Kila Aprili nahodha mmoja au wawili huingia bandani na mabeseni mikononi. Tangu lile la Solfrid, hakuna aliyesimama tena mbele ya Taisto. Wanapomkaribia, yeye huvuta miguu yake ndani ili wapate kupita.