Wasia wa Kibokoni

Mimi ni wakili mchanga, na kazi ya kuandika wasia nilijifunza mwenyewe vitabuni. Juzi bosi alinipa mteja wangu wa kwanza, mama wa Kibokoni aliyetaka kuusia nyumba yake. Nikimpoteza, narudi kupanga mafaili.

Nilimkuta bibi kizee kitandani. Mama aliyenifungulia mlango akaketi karibu naye. Vitabu vinasema mrithi asiwepo.

"Mama, tupishe kidogo. Warithi hawakai hapa."

"Haya, wakili," akasema, akatoka. Nikatia komeo, nikijisifu kimoyomoyo.

"Bibi, nyumba hii tuiandikeje?"

"Si yangu, mjukuu wangu," akajibu taratibu. "Ni ya binti yangu. Ndiye aliyekuita, na ndiye uliyemfungia nje."