Kibao cha Nne

Asubuhi moja, vita vikiwa bado ni habari za redioni tu, mimi na pacha wangu Doto tulikuwa tumekaa chini ya bawa la ndege ndogo, uwanjani Ilemela, tunakula michembe. Rubani wetu, Kaijage, Mhaya wa Bukoba, akapita akatutazama, akatikisa kichwa. "Wasukuma bwana! Viazi vikavu tena?" Doto akamjibu bila hata kuacha kutafuna: "Afadhali kiazi, kaka. Nyie kwenu mnakula panzi." Tukacheka wote watatu. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Naanza nayo kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka vizuri. Zilizofuata zimechanganyikana kichwani, na mkinibana niseme kipi kilitangulia kipi, nitawadanganya.

Mimi ndiye Kulwa. Nilimtangulia Doto kuzaliwa kwa dakika chache, lakini mama alizihesabu dakika zile kama miaka. "Wewe ndiye mkubwa. Mwangalie mwenzako." Hata tulipoajiriwa wote wawili kuwa mafundi wa ndege, watu wazima wenye ndevu zetu, aliendelea kuniambia hivyohivyo kila tulipotoka nyumbani. Doto alikuwa ananicheka mpaka njia panda.

Hapa lazima niwaeleze kidogo ndege inavyoongozwa, la sivyo tutapotezana. Watu wengi wanadhani rubani anakata kona kama dereva wa lori. Hapana! Injini kazi yake ni kuvuta mbele tu. Kinachogeuza ndege ni vibawa, yaani mapande madogo yaliyofungwa kwa bawaba nyuma ya mabawa na kule mkiani. Kutoka kwenye vibawa hivyo kuna nyaya za chuma zinazopita tumboni mwa ndege mpaka kwenye usukani na pedali za rubani. Akizungusha usukani kushoto, kibawa cha bawa la kushoto kinainuka, cha kulia kinashuka, na ndege inalala upande wa kushoto. Akikanyaga pedali, kile kilichosimama mkiani kinageuka, na pua inafuata. Akivuta usukani kifuani, kile kilicholala mkiani kinainuka, upepo unaukandamiza mkia chini, na pua inapanda. Huyu wa mwisho ndiye baba yao. Akigoma ukiwa chini, huruki. Akigoma ukiwa juu, basi tena.

Sasa upepo wa ziwa letu hauna adabu. Ndege ikiegeshwa, unavipigapiga vibawa mchana kutwa mpaka bawaba zinalegea. Kwa hiyo tulivibana kwa vibao: mbao mbili fupi zilizovishwa mpira wa tairi, zinakazwa kwa skrubu ya mkono ili kibawa kisicheze. Vilikuwa vinne, viwili vya mabawa na viwili vya mkiani, na kila kimoja kilining'inizwa kitambaa chekundu kirefu ili kisisahaulike. Tena tulikuwa na desturi yetu mimi na Doto. Anayetoa kibao anakiinua juu ya kichwa, kitambaa kinapepea, na mwenzake anahesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Mpaka nisikie nne, au yeye asikie nne, Kaijage haruhusiwi kuondoka hata awe na haraka ya namna gani.

Halafu vita vya Kagera vikatufikia. Tukachimba mahandaki, tukapaka vioo vya madirisha rangi nyeusi, tukaifunika ndege kwa matawi. Siku moja akaja ofisa wa jeshi, akauzunguka uwanja wote, akasimama mbele ya vile vitambaa vyetu. Akasema vyekundu vyote vitoke, vinaonekana kutoka juu. Tukachana sare kuukuu za kijani, tukavibadilisha. Doto alinung'unika sana. "Kijani kwenye majani ya kijani, nani atakiona?" Ofisa akamwambia amri ni amri. Mimi niliendelea kufunga vitambaa. Kusema kweli niliona yule ofisa ana haki, na hata leo sina uhakika kwamba hakuwa nayo.

Siku yenyewe ndege ilikuwa ipeleke chupa za maji ya dripu na bandeji Bukoba, kwa majeruhi. Fundi mmoja alikuwa aende nayo, na zamu ilikuwa ya Doto. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilitoa kibao cha bawa la kushoto, nikatoa cha kulia, nikatoa cha kile kibawa kilichosimama mkiani. Doto alikuwa anapakia maboksi. Nakumbuka tuliahidiana jambo fulani, sijui lilikuwa nini.

King'ora kikalia.

Ndege ya adui ilitokea upande wa ziwa, chini sana. Sikuitazama. Bomu lilianguka nyuma ya ndege yetu, udongo ukapanda, na mimi nikawa nimeshafika kwenye handaki bila kujua miguu imenifikishaje.

Kimya.

Nikamsikia Kaijage anapiga kelele: "Twendeni kabla hajarudi!" Injini ikawaka.

Nikaangalia mikononi mwangu. Nilikuwa nimevikumbatia vibao. Vilikuwa vitatu.

Nikahesabu tena. Vitatu.

Kilichokosekana kilikuwa cha kibawa kilicholala mkiani. Baba yao. Je, nilikitoa nikakidondosha? Au sikukigusa kabisa? Au Doto alikitoa? Nilijaribu kukumbuka mikono yangu ilifanya nini dakika tano tu zilizopita, nikakuta hakuna kitu. Kichwa kilikuwa cheupe.

Nikachungulia. Vumbi lilikuwa jingi, mkia sikuuona. Nilimwona Doto amesimama mlangoni mwa ndege, ameelekea kwangu, ameinua mkono juu ya kichwa. Nikadhani ananiaga. Au ananiambia nisitoke. Mkono ukashuka, mlango ukafungwa.

Kutoka handakini mpaka njia ya kurukia hapakuwa mbali. Ningekimbia nikasimama mbele na kupishanisha mikono juu ya kichwa, Kaijage angezima injini palepale. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilisikia mlio kutoka upande wa ziwa, au nilidhani nimeusikia, na nikaogopa. Sina neno jingine la kuliremba. Niliogopa, nikabaki nimekaa na vibao vyangu vitatu, mimi mkubwa.

Ndege ikakimbia. Pua ikainuka, magurudumu yakaachana na ardhi.

Nikalia kwa furaha, jamani. Kama kibao kingekuwepo isingepanda. Nikasema asante Mungu, Doto alikitoa.

Ilipofika juu ya maji, pua ikainama. Sikuelewa. Hata haikulala upande wowote. Ilishuka tu, mbele ya macho yangu, ikaingia ziwani karibu na mawe.

Wavuvi walimtoa Kaijage akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili. Doto walimtoa baadaye kidogo, na sikuhitaji kuambiwa. Hospitalini wakanipa nguo zake zimefungwa kwenye shuka. Ndani ya ovaroli, kifuani, palikuwa na kibao cha nne. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimejiviringisha kwenye mbao, kimelowa.

Ndipo nikauelewa ule mkono. Hakuwa ananiaga. Alikuwa amekiinua ili nihesabu, kama siku zote, na mimi sikuona kitu. Kingekuwa chekundu ningekiona hata kwenye lile vumbi.

Basi nikajiuliza, kama kibao kilitoka, ndege iliangushwa na nini? Nikaenda kwa Kaijage wodini. Salamu zake na utani wake vyote vilikuwa vimekwisha. Aliangalia ukuta akasema, "Nilivuta usukani ukaja wote kifuani, mwepesi. Hakukuwa na kitu upande wa pili." Wiki hiyohiyo tuliyavuta mabaki mpaka ufukweni. Niliufuata waya wa mkiani kwa vidole, inchi kwa inchi, mpaka nikafika palipokatika. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatwa butu na kipande cha bomu kilichopenya ubavuni. Zilizosalia, chache mno, zilikuwa zimevutika mpaka zikachongoka ndipo zikaachia. Ndege iliruka ikiwa imeshikwa na nyuzi hizo chache.

Hapo ndipo ninapozunguka mpaka leo, uzee huu. Nilibaki handakini nikiamini kuna kibao mkiani, na kibao hakikuwepo. Ningetoka kuwasimamisha ningekuwa nimekosea, na Kaijage angenitukana kwa Kihaya na Kiswahili. Na Doto angekuwa hai. Wakati mwingine najiambia ndege ya adui ingerudi ikatuua wote pale chini. Lakini haikurudi. Niliwauliza wote waliokuwepo, na hakuna aliyesikia mlio wa pili. Huenda ilikuwa injini ya Kaijage yenyewe niliyoisikia.

Matanga tulikaa kwa mama. Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua, aliniita chumbani akaniuliza swali moja tu.

"Kulwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namhesabia vibao, mama."

Alinishika mkono, akanibembeleza kama mtoto. "Basi hukumwacha mwenzako," akasema. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kumpa pole alimweleza hivyo, kwamba Kulwa alikuwa pale, Kulwa hakumwacha. Alisema hivyo miaka yote mpaka tukamzika, na mara nyingi nilikuwa nimekaa pembeni yake, namsikiliza.