Nusu mkate: asili ninayoijua mimi

Wakuu, poleni na baridi, kama huko kwenu iko kama hii ya Eldoret. Nawaambia ukweli mtupu, pamoja na ule unaoniaibisha.

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nililelewa kwa nusu mkate.

Ya siasa mnaijua. Mahasimu wawili wakigawana serikali, tunaiita nusu mkate. Nimewafundisha wanafunzi, tena na slides, kwamba asili yake ni methali ya Wazungu, kwamba nusu mkate ni bora kuliko kukosa kabisa. Digrii mbili, wakuu.

Lakini mimi nililijua neno hili kwa duka la Mama Wangari, Ainabkoi, mama aliyehamia kwetu kutoka Nyeri. Hakukata mkate mpaka wanunuzi wawili wafike, kwa sababu nusu inayobaki hukauka.

Kwa hivyo kila jioni mimi na Akinyi, binti wa mwalimu aliyetoka Kisumu, tulingojana pale kaunta.

"Chebet, mwenzako ako wapi?" Mama Wangari alikuwa akiniuliza, kisu mkononi.

Miaka ikapita, tukakutana kampasi ya Chepkoilel. Nilikuwa na marafiki wapya, watoto wa Elgon View, mtaa wa matajiri.

"Huyu tulikuwa tunagawana mkate!" Akinyi akawaambia, akicheka.

Nikasema, "Kwetu tulinunua mzima."

Aliniangalia tu. "Sawa, madam."

Hakuniita kwa jina tena.

Juzi mtu humu aliuliza neno hili lilitoka wapi. Nikaanza kuandika ile methali yangu, vidole vikagoma. Nilitamani harufu ya ule mkate, na zaidi ya harufu, mtu wa kungojana naye. Wanasiasa wetu kila mmoja huja na kisu chake.

Somo? Usimkane uliyekula naye. Na nyinyi, neno hili mlilijulia duka gani? Mwageni hapa chini, lakini kwanza nimalize.

Namba ya Akinyi nilipewa na kaka yake. Nilizunguka simu siku mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jana nikapiga.

"Akinyi, tulikuwa tunagawana mkate," nikasema. "Nilidanganya."

"Ngoja niketi."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Umechelewa, Chebet," akasema. "Mama Wangari anataka kufunga duka."