Perege Wangu Wenye Adabu

Nasema mwenyewe, maana Ruponda nzima imeshacheka. Tangu tuchimbe bwawa la perege bondeni, nimejitapa kuliko mwenye ng'ombe. Wajukuu zangu wako jandoni, na nimeahidi kuwa siku ya kutoka wageni watakula samaki wa bibi yao.

Asubuhi moja juma lililopita nikakuta perege wamejaa juu ya maji, vinywa wazi, wamenielekea. Nikasema hawa wamenijua, wananiamkia. Nikawamwagia pumba, nikaongeza na samadi ya mbuzi. Kila kukicha wakazidi kuja juu, nami nikazidisha.

Ijumaa nikamleta Bi Zainabu, mkwe mwenzangu wa Nkowe, aone. Bwana Samaki, yule anayekagua mabwawa, naye akafika na baiskeli yake.

"Tazameni adabu hiyo!" nikasema. "Kila asubuhi shikamoo."

Bwana Samaki akainama, akanusa maji. "Mama, hawa hawakuamkii. Wanakosa pumzi. Pumba na samadi vimeoza, hewa imekwisha majini. Acha kulisha, fungulia maji mapya ya mto sasa hivi, la sivyo jioni utaokota mizoga."

Nikajitupa mferejini na kanga zangu, nikakwangua kwa mikono udongo uliouziba. Maji yakaanza kuingia. Nyuma yangu nikamsikia Bi Zainabu akimwambia yule bwana, "Siku zote hizi viumbe wanaomba roho zao, mwenzangu anaitikia marahaba."