Barua ilisema tupige kura, mwanangwa akatuita kula: nilivyopata darasa la tatu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wa rika langu humu ndani sidhani kama mnafika watatu, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea kwa jumla, marahaba. Ninayosimulia mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyala kwa mdomo wangu. Mtanielewa huko mbele.

Juzi nimesoma uzi wa vijana wakibishana kama shule za serikali na za private zinaweza kukaa meza moja, zikapanga sera na kugawana ruzuku. Mmoja akaandika kwa kujiamini kwamba kitu hicho hakijawahi kutokea nchi hii.

Nilicheka peke yangu mpaka miwani ikadondoka.

Kijana, mimi ni zao la kitu hicho. Kaa nikupe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, kijijini kwetu upande wa Bugarama. Usifikirie Bugarama hii ya mgodi na malori. Dhahabu sisi tuliisikia tu iko Geita, kaka zetu walikwenda kuifanyia kazi wakarudi na blanketi na baiskeli. Kwetu kulikuwa na ng'ombe, pamba na mbuga inayojaa tope masika.

Na shule mbili, moja kila upande wa mbuga.

Upande mmoja shule ya Mtemi, yaani chifu wetu, maana iliendeshwa na serikali ya wenyeji. Asubuhi waliita watoto kwa ngoma. Upande wetu shule ya Misheni, sisi tuliitwa kwa kengele. Naiita kengele kwa heshima tu, kilikuwa chuma cha gari kimening'inizwa kwenye mti wa mwalimu.

Basi wao wakatuita watu wa chuma, sisi tukawaita watu wa ngozi, ile ya ngoma yao. Tukikutana mbugani ni kurushiana madongo. Wazazi nao hawakuwa na nafuu. Wa Misheni walisema kule kwa Mtemi watoto wanafundishwa kulima tu, hawamjui Mungu. Wa kwa Mtemi, wengi wafuasi wa mila na baadhi Waislamu, walisema kwetu mtoto akienda kusoma hesabu anarudi amebatizwa.

Waliopatana walikuwa walimu wawili tu, na walifanya hivyo kwa siri. Wetu alikuwa Mwalimu Petro, Msukuma wa hapo hapo. Wa kwa Mtemi alikuwa Mwalimu Saidi, mtu wa Tabora, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Waliazimana chaki. Ramani ya Afrika ilikuwa moja, mkaguzi akimaliza shule hii inazungushwa haraka kwa njia ya nyuma inamsubiri shule ile. Mkaguzi alisifu shule zote mbili kwa kuwa na ramani.

Sasa shida yangu.

Shule zote mbili ziliishia darasa la pili, na mimi nilikuwa nalimaliza. Baba yangu alikuwa mfugaji, hana dini ya kitabu, Misheni alinipeleka kwa sababu ilikuwa karibu. Na alishasema wazi, "Minza, shule ikiisha imeisha. Utakaa na mama yako."

Kukaa na mama maana yake ilijulikana. Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa ameshakaa na mama yake miezi miwili tu, ng'ombe wa mahari wakaingia kwao, naye akaondoka. Kwetu pia kuna mzee alishaanza kupita pita akisifia maziwa yetu. Nilimchukia mzee yule kuliko nilivyomchukia mtu yeyote.

Ndipo ikaja barua ya Bwana Elimu wa wilaya. Serikali iko tayari kutoa ruzuku ya mwalimu mmoja mwenye cheti, wa darasa la tatu na la nne. Lakini kila shule peke yake haina watoto wa kutosha, kwa hiyo darasa litakuwa moja la shule zote mbili, Misheni watoe madawati, Mtemi atoe jengo. Wazazi wa pande zote waje Jumamosi asubuhi, kiwanja cha shule ya Mtemi, kupiga kura. Wakikataa, mwalimu anapelekwa kwingine.

Barua ilikwenda kwa mwanangwa wetu Luhende, yaani mkuu wa kijiji aliye chini ya Mtemi. Mtu mzuri sana, kusoma alijifunza ukubwani.

Wakuu, nyie mnatujua Wasukuma na herufi R. Hatugombani nayo, ila haikai mdomoni, inatoka L. Na kura yenyewe kijijini hakuna aliyewahi kuipiga.

Luhende alisoma, "waje kupiga kula." Akafikiri. Kula alikujua, hilo la kupiga likamsumbua kidogo. Mwisho akaamua kwamba serikali ikisema kupiga kula, basi ni kula kweli kweli, si kuonja. Akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma hakuna tena utata, akasema "kulya". Tumeitwa kula.

Watu wakauliza, nani anapika? Akaifungua barua tena. "Wazazi wa pande zote," akasema. "Imeandikwa. Wote mpike."

Hapo ndipo kijiji kilipochachamaa. Hakuna mama aliyekubali wa ng'ambo wamshinde kwa chungu. Mama yangu alisaga siku mbili.

Jioni baba akasema atatoa dume la ng'ombe. Dume lile jekundu alilokuwa analisifia kwa kila mgeni. Mama akamuuliza kama ana homa. Baba akajibu, "Wale watu wa ngozi watakuja na vyungu vyao, waseme sisi hatuna kitu?"

Likatokea swali la nani achinje. Kama Waislamu hawali, karamu imevunjika. Wazee wa Misheni wakanong'onezana, mwishowe wakavuka mbuga wenyewe, Ijumaa mchana, kwenda kumwomba Mwalimu Saidi. Kwa mara ya kwanza watu wazima wa pande hizi waliombana kitu hadharani.

Mwalimu Saidi ndipo alipouliza karamu ni ya nini, na ndipo alipogundua. Alinieleza miaka mingi baadaye, huku anafuta machozi ya kicheko. Alikwenda kwa Luhende.

"Mwanangwa, barua imesema kura."

"Ndiyo mwalimu. Kula."

"Kura."

"Sasa si ndiyo nasema? Kula. Wewe unasema nini?"

Akatoka akamfuata Mwalimu Petro. Akamweleza. Petro akasema, "Ukiwaambia sasa, kila mtu atarudi kwake na chungu chake." Wakakubaliana kunyamaza, na Saidi akaenda kunoa kisu.

Jumamosi Bwana Elimu, mzungu mmoja mrefu, akashuka kwenye gari akiwa na karatasi zake. Akakuta moshi, vyungu vimepangwa, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, maziwa ya mgando kwenye vibuyu, nyama inachemka. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii ni nini?"

Luhende akavua kofia. "Bwana, si ulituandikia?"

Mwalimu Saidi akamvuta mzungu pembeni akamnong'oneza. Mzungu akageuka akaangalia mbuga muda mrefu, mabega yanatikisika. Kisha akaja akakaa chini akanawa mikono.

Tukala. Na nyie mnajua, mtu mliyechovya naye mchuzi mmoja ni vigumu kumwita wa ngozi. Mzee Ramadhani mwenye duka alikaa sinia moja na katekista wetu, wakagombea figo.

Watu waliposhiba, walimu wakasimama wakaeleza shauri lenyewe. Kelele zikaanza pale pale. Katekista akauliza nani atawasalisha watoto. Mzee Ramadhani akauliza mwanawe abatizwe kwa ajili ya kugawanya na kuzidisha? Walimu walikuwa wameshalipanga: masomo yote pamoja, kipindi cha mwisho kila mtoto aende kwa watu wa dini yake, wa mila wacheze mpira. Bado watu wakaguna. Mimi nilikuwa nyuma ya mama nimeshika kanga yake.

Baba akasimama. Hakuwa mtu wa mikutano.

"Mimi sijui sala ya huku wala ya kule," akasema. "Ninajua dume langu mmelimaliza, wa huku na wa kule. Mifupa ile pale. Kama darasa halipo, mnirudishie dume langu likiwa linatembea. Kama hamwezi, basi Minza anaingia darasa la tatu, na wenu waingie naye."

Kiwanja kizima kikaangua kicheko, na katekista akawa wa kwanza kukaa chini.

Kura ikapigwa kwa nafaka, ndani ya chungu chetu kilichokuwa cha ugali. Punje ya hindi ni ndiyo, harage ni hapana. Kina mama nao walipiga. Mahindi yalijaa, maharage ukayahesabu kwa vidole. Ilikutwa na karanga moja, na mpaka leo haijulikani ilikuwa inasema nini.

Mwalimu alikuja. Asubuhi zikapigwa kwa pamoja, ngoma ng'ambo ile na chuma ng'ambo hii, na sisi tukavuka mbuga. Nilimaliza la nne, nikaenda shule ya wasichana, nikawa mwalimu mpaka nilipostaafu. Luhende hakukubali kamwe kwamba alikosea. Alikuwa anasema, "Mlikula, hamkula?"

Funzo langu, wakuu: mnaogombania sera na ruzuku, msianze na karatasi. Kaeni kwanza mle pamoja, halafu muone nani bado ana nguvu ya kukataa. Wenye visa vya shule zenu za zamani leteni hapa, na aliyeweka karanga kama bado yuko hai ajitokeze, hatutamfanya kitu.

Baba alifariki nikiwa nafundisha. Miaka yake ya mwisho, mgeni akiuliza mbona binti huyu hakuingiza ng'ombe wa mahari mapema kama wenzake, alikuwa anacheka na kujibu, "Huyu alitoa mmoja, lile dume langu jekundu, na ndiye ninayemsifia mpaka leo."